Maumivu yaliyokwisha kati ya Magharibi na Isha: kisa cha mkimbiaji wa Kigoma

Jumatano asubuhi mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye hajafikisha miaka 30, alifikishwa hospitalini mjini Kigoma akiwa ameshikiliwa na ndugu zake wawili. Mapaja yalikuwa yamevimba na kukaza, akiguswa anashtuka. Mkewe alikuwa amebeba mkojo wa alfajiri ile kwenye chupa ya maji ya kunywa, rangi ya strungi. Hakuwa ameanguka, hakugongwa na bodaboda, na homa hakuwa nayo. Alikuwa ametoka kwenye mazoezi, na alipoulizwa ametumia dawa gani, alijibu bila wasiwasi: mitishamba.

Haikuchukua muda mtaani kukawa na hukumu mbili. Klabu yake ya jogging iliwatangazia wanachama waache tangawizi na manjano kwa sababu vinaharibu figo. Wauza dawa na wateja wao wakasema majani hayajawahi kumdhuru mtu, huyo kijana alizidisha mbio tu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nilimpokea alipotoka wodini, na tulikaa muda mrefu kuipanga upya wiki ile, siku baada ya siku. Naamini hukumu zote mbili zimekosea, tena mahali ambapo kosa linaweza kumgharimu mtu mwingine figo zake. Ameniruhusu nikiandike kisa chake bila kumtaja jina.

Huyu mwalimu ni mkimbiaji wa tambarare. Njia yake ya kila siku ni barabara ya kwenda Ujiji, jioni jua likishapoa. Jumamosi ile klabu ilikodi daladala, ikapandishwa milimani kwenye njia ya Kalinzi, kisha watu wakateremka kwa mbio hadi Mwandiga. Kila mtu alifurahi, maana kwenye mteremko pumzi haikatiki. Moyo haupigi sana, mwendo ni mkubwa, mtu anajiona amepanda daraja kwa asubuhi moja.

Kinachoumia kwenye mteremko ni misuli ya mbele ya paja, kwa sababu ndiyo breki. Mguu unapotua, goti linakunjika kidogo, na msuli unarefuka huku umebeba uzito wa mwili mzima. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi za msuli kuliko kupanda, ingawa kupanda ndiko kunakomwacha mtu akihema. Maumivu yake hayaji papo hapo. Huanza baada ya saa kadhaa, hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, kisha huisha yenyewe ndani ya wiki hivi. Mwalimu wetu Jumapili aliamka mzito. Jumatatu ngazi nne za ofisi ya walimu alizishuka kinyumenyume, kiganja kimoja ukutani, wanafunzi wanamtazama. Hadi hapo hakukuwa na ugonjwa wowote. Mtu ambaye hajazoea mteremko alikuwa amekimbia mteremko, basi.

Tukiangalia ndani ya paja Jumatatu ile, kuna shughuli kubwa. Saa chache baada ya nyuzi kuchanika, chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili huingia kwenye msuli, na katika siku moja au mbili hufuatwa na makrofaji, chembe nyingine za kinga. Mishipa midogo hupanuka na kuvujisha maji, msuli unavimba, neva zinakuwa nyepesi kuhisi. Huo ndio mchochota, au inflamesheni. Makrofaji za mwanzo hula mabaki ya nyuzi zilizokufa, halafu hubadili tabia na kutoa viashiria vya kuamsha seli za akiba za msuli ili zijenge upya. Ni kama nyumba iliyobomoka: kifusi kisipobebwa kwanza, fundi hana pa kuweka tofali. Wanyama wa maabara walioondolewa makrofaji walipojeruhiwa misuli, misuli hiyo haikurudi vizuri.

Lipo na jambo ambalo wauza virutubisho hawaligusi. Interlukini-6, protini ambayo zamani ilifahamika zaidi kama mjumbe wa mchochota, hutolewa na msuli wenyewe wakati wa mazoezi marefu, na kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda hadi mara 100. Bente Klarlund Pedersen na wenzake wa Copenhagen walilionyesha hilo kuanzia mwaka 2000 hivi. Ikipanda kwa njia hiyo huvuta nyuma yake interlukini-10 na protini nyingine zinazotuliza. Mwili wa mtu anayefanya mazoezi huwasha mchochota na huuzima wenyewe kwa wakati wake. Anayekuuzia kitu cha "kuondoa inflamesheni yote mwilini" anakuuzia kitu ambacho mkimbiaji hapaswi kukitaka.

Turudi kwenye mitishamba yake ya kwanza, maana ilikuwa ya aina mbili na watu wameichanganya. Kwa wiki kadhaa kabla ya Jumamosi ile alikuwa akichemsha tangawizi mbichi iliyopondwa, anaongeza kijiko cha manjano na pilipili manga kidogo, anatia asali, anakunywa kikombe asubuhi na kingine usiku. Kikombe hiki ndicho klabu ilichokishtaki.

Tangawizi ina ushahidi wake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliwapa watu gramu 2 za tangawizi kila siku kwa siku 11, kiasi cha kijiko cha chai kimoja cha unga, na katikati ya siku hizo wakawafanyisha mazoezi ya kushusha uzito kwa mkono hadi misuli ikaumia. Siku iliyofuata maumivu ya waliokunywa tangawizi yalikuwa pungufu kwa takriban robo kuliko ya waliopewa vidonge visivyo na kitu. Robo inasaidia, na mtu anayeteseka kwenye ngazi angeipokea kwa mikono miwili. Lakini ni robo, na ilipatikana kwa kunywa kila siku, si kwa kikombe kimoja cha dharura.

Manjano ni habari ndefu zaidi. Kijiko cha chai kina kama gramu 3 za unga, na kurkumini ndani yake, kile kiini chake kinachotafutwa kama dawa, ni asilimia 3 hivi, yaani karibu miligramu 90. Majaribio mengi ya maumivu ya misuli yametumia mamia ya miligramu za kurkumini kwa siku, mengine gramu nzima na zaidi. Ili upate gramu moja na nusu kwa unga wa jikoni ingebidi ule gramu 50 za manjano kwa siku, na hakuna mchuzi unaobeba kiasi hicho. Tena kurkumini ikimezwa peke yake huingia kwenye damu kwa shida sana, kwa sababu utumbo na ini huigeuza na kuitoa haraka. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba ukichanganya gramu 2 za kurkumini na miligramu 20 za piperini, kile kiini kikali cha pilipili manga, inayoingia kwenye damu ya binadamu huongezeka mara 20. Hapo ndipo mapishi ya mwalimu yalipopata pilipili yake, na wazo si baya. Hata hivyo majibu ya majaribio hayafanani: katika baadhi maumivu yamepungua kidogo na vimeng'enya vya msuli kwenye damu vimeshuka, katika mengine hakuna tofauti.

Kwa hiyo kikombe chake hakikuwa na nguvu ya kumponya Jumatatu, wala hakikuwa na nguvu ya kumlaza hospitalini Jumatano. Nimewaeleza hivyo viongozi wa klabu, na ninalisema kwa msisitizo kwa sababu tukimsingizia tangawizi, mhusika halisi anabaki sokoni.

Jumatatu jioni mwenzake alimpeleka kwa muuzaji wa "dawa ya maungo". Kichupa cha plastiki, unga wa kahawia, kifuniko kimebanwa kwa gundi ya karatasi. Hakuna jina la mtengenezaji, hakuna orodha ya viambato, hakuna namba ya usajili wala tarehe. Alivyonisimulia:

"Dada, ile dawa ni majani matupu, haina kemikali. Magharibi niliswali nimekaa kwenye kiti, maana kusujudu nilikuwa siwezi. Nikanywa kijiko kimoja na maji ya uvuguvugu. Isha nikaswali chini, nikasujudu, nikainuka, sikusikia paja kabisa."

Nikamwuliza usiku ulikuwaje. Usingizi ulikataa, akaamka akala wali wa baridi, na asubuhi kiungulia kikamshika.

Kwangu maneno hayo ya swala ni kipimo kizuri kuliko swali lolote ambalo ningemwuliza. Maumivu ya saa 48 baada ya mteremko, yale yaliyomfanya ashuke ngazi kinyumenyume, yalifutika kati ya Magharibi na Isha, muda unaozidi saa moja kidogo tu. Sijui mmea wowote uliojaribiwa kwa haki ukafanya hivyo. Dawa za viwandani za kutuliza maumivu, za aina ya diklofenaki, zinaweza. Ukiongeza deksamethasoni, ambayo ni steroidi, dawa kali ya kuzima mchochota, unapata na yale mengine: kukosa usingizi na njaa ya usiku wa manane. Unga wenyewe uliisha kabla haujapimwa, kwa hiyo hoja yangu inasimama juu ya mwenendo wa maumivu na dalili zake, na naona inasimama vizuri.

Kuchanganya namna hiyo si jambo la kubuni. Aprili 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu juu ya Artri King, kirutubisho kilichokuwa kikiuzwa kwa ajili ya maungo. Maabara iliikuta na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Watu walikuwa wameumia ini, na wengine walipata matatizo makubwa walipoiacha ghafla, kwa kuwa mwili uliozoeshwa steroidi huacha kutengeneza ya kwake. Bidhaa hiyo ilikuwa na chupa nzuri na lebo yenye rangi. Kichupa cha mwalimu hakikuwa na lebo kabisa.

Jumanne akanywa kijiko asubuhi, kingine mchana. Saa tisa alasiri, jua bado kali, akajiunga na vijana wa klabu kwenye kilima: kupanda, kushuka, kuchuchumaa, kuruka, kurudia. Alikuwa amekunywa maji kidogo tangu asubuhi. Paja halikumwambia chochote. Nyuzi zilizochanika Jumamosi zilikuwa bado hazijajengwa, makrofaji zilikuwa katikati ya kazi, na juu ya msuli ule ule akaongeza mzigo wa breki mara kumi kwa kumi. Maumivu ndiyo yangemrudisha nyumbani baada ya kilima cha kwanza. Yalikuwa yamezimwa, na uharibifu ulikuwa haujaguswa.

Usiku wa Jumanne mapaja yakaanza kukaza. Alfajiri mkojo ukatoka mweusi.

Nyumbani mama yake alidhani ni kichocho, kwa sababu mwanawe aliogelea sana ziwani utotoni. Mjomba akasema malaria. Hospitalini kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi. Kisha likafanyika jambo ambalo ningependa kila kituo cha afya chenye darubini kilijue. Karatasi ya kupima mkojo ilibadilika rangi haraka upande wa damu, alama tatu za kujumlisha. Mtaalamu wa maabara akauzungusha mkojo ule ule kwenye mashine, akaweka tone chini ya darubini, akatafuta chembe nyekundu, asizione. Wala mayai ya kichocho hayakuwepo. Karatasi inasema damu ipo, darubini inasema chembe za damu hazipo. Karatasi ile haitofautishi himoglobini na mioglobini, protini nyekundu inayohifadhi oksijeni ndani ya msuli. Mtu aliyevimba mapaja baada ya mazoezi makali, asiye na homa wala upungufu wa damu, mwenye majibu hayo mawili, msuli wake unayeyuka na kuingia kwenye damu. Madaktari huita rabdomayolisisi. Kipimo cha kreatini kinasi, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye msuli, ndicho huithibitisha, lakini daktari hakusubiri: kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, ilikuwa imepanda, akaanza kumtundikia dripu za chumvi, mkojo ukapimwa kila saa, na moyo ukafuatiliwa, kwa sababu potasiamu inayotoka kwenye msuli uliokufa inaweza kuusimamisha. Hakuhitaji kusafishwa damu. Alitoka wodini akitembea polepole.

Figo zake ziliumizwa na nini hasa? Mioglobini peke yake ni sumu kwa mirija ya figo, hasa mkojo ukiwa mzito. Lakini huyu alikuwa na mambo matatu yaliyokutana. Figo inapokosa maji hutegemea prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, ili kuacha wazi mshipa unaoleta damu kwenye kichujio, na dawa za aina ya diklofenaki na ibuprofeni huzima utengenezaji wa prostaglandini hizo. Kwa hiyo Jumanne alasiri, kwa hesabu yangu, maji yalikuwa kidogo, mlango wa damu umebanwa, na takataka za msuli zinamiminika. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wakimbiaji wa kilomita 80: zaidi ya nusu ya waliopewa ibuprofeni walionyesha dalili za figo kuumia, na waliopewa kidonge kitupu walikuwa karibu theluthi moja. Hata bila dawa mbio ndefu zinazitikisa figo, dawa inaongeza.

Na haisaidii mbio zenyewe. David Nieman na wenzake waliwafuatilia wakimbiaji wa kilomita 160 wa Western States, California. Waliotumia ibuprofeni hawakuumia misuli kidogo kuliko wenzao, wala hawakusikia maumivu kidogo, na viashiria vya mchochota kwenye damu yao vilikuwa juu zaidi.

Hapa wapo wanaouliza: ikiwa mchochota ni kazi ya kujenga, tuache basi hata tangawizi? Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu kuna mfano wa vitamini. Mwaka 2009 kundi la Michael Ristow nchini Ujerumani liliwapa vijana vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E yuniti 400 kila siku kwa wiki 4 za mazoezi. Faida ambayo mazoezi huleta kwenye utendaji wa insulini ilionekana kwa wasiotumia vidonge, na kwa waliovitumia ikazimwa. Kwa hiyo dozi kubwa za kutuliza kila kitu, kila siku, katika miezi ya kujenga mwili, nazikataa. Kikombe cha tangawizi hakiko kwenye daraja hilo. Mtu mwenye mechi mbili ndani ya siku tatu ana haki ya kutafuta ile robo ya nafuu, mradi asiichukulie kama ruhusa ya kurudi kilimani.

Vidonge vya kurkumini vilivyokolezwa viko kati ya kikombe na kichupa, na sipendi vinavyochukuliwa kama kitu cha jikoni. Piperini inaongeza kurkumini kwa kuzuia vimeng'enya vya ini na utumbo, na vimeng'enya hivyo hivyo hushughulikia dawa nyingine. Mwaka 2019 Italia ilipata wagonjwa kadhaa wa ini waliokuwa wakitumia virutubisho vya manjano, na Marekani nako wameripotiwa, wengi wao wakiwa wametumia vyenye pilipili manga. Ni wachache ukilinganisha na wanaovitumia, lakini si sifuri.

Tiba asili yenyewe ina sheria nchini, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002, na Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Mganga aliyesajiliwa anaumizwa na kichupa kile kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kinamharibia jina. Ndiyo maana nilimshauri mwalimu apeleke taarifa kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, na amepeleka. Kwa wenzake wa klabu nimetoa maswali ya kuuliza kabla ya kununua: nani ametengeneza, kuna nini ndani, imesajiliwa wapi. Na swali moja la kujiuliza baada ya kunywa, ikiwa umekunywa tayari: imefanya kazi haraka kiasi gani? Nafuu ya saa moja kwa maumivu ya siku mbili ni sababu ya kuacha na kwenda kituo cha afya na kichupa mkononi, kabla hakijaisha. Mkojo ukiwa na rangi ya strungi au koka, usisubiri asubuhi.

Siku hizi anakimbia tena barabara ya Ujiji. Mteremko tumeurudisha kwa vipande vifupi, kwa sababu msuli ulioonja mteremko kidogo hupungua kuumia mara inayofuata, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Hakuna unga unaoitoa. Kwanza anashuka akitembea, baadaye anakimbia dakika chache, halafu anasubiri maumivu yaje na yaishe yenyewe kabla ya kuongeza. Anayasikiliza sasa, Jumatatu fulani alinipigia simu kusema paja linauma na kwa hiyo hatakuja.

Aliniuliza kama anaweza kurudia kikombe chake. Nikamwambia tangawizi, manjano na pilipili kwa kipimo cha jikoni aendelee. Shemeji yake alimletea kutoka Dar es Salaam vidonge vya kurkumini vyenye piperini, na hivyo nimemwomba aviweke kando hadi vipimo vya figo na ini virudi kawaida mara mbili mfululizo. Daktari wake amekubaliana nami, na cha kwanza kimesharudi kawaida.